Taa ya leza ya baiskeli, elfu 75 yangu imeniuma

Jamani mnaoendesha baiskeli huku Mbeya, ngojeni niwaambie kabla hamjapigwa kama mimi. Kuna taa ya nyuma inauzwa sa hizi, ukiiwasha inawaka nyekundu kama taa yoyote af inapiga leza chini, mstari kushoto na mstari kulia, yaani unatembea na njia yako umechorewa inakufuata kila unakoenda. Dukani jamaa akafunga mlango kidogo akanionyesha kwenye sakafu ya simenti, mistari imenyooka kama ya uwanja wa mpira, nikaingia mkenge mzima mzima. Elfu 75! Hela hiyo ni tairi na tyubu zake na soda ya kushushia.

Mi natoka kazini Mwanjelwa jioni nakaa Nsalaga, na tangu waanze ile njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi mtu wa baiskeli hana pake, leo unapita huku kesho mchepuko, vumbi, Fuso linakupumulia kisogoni. Ndo nikaona bora nijichoree njia yangu. Akili gani hii sijui. Semi limetoka Tunduma usiku, mstari mweupe uliopakwa na serikali limeukanyaga, ndo liheshimu kamstari kangu?

Mchana leza haionekani, jua linaimeza, hilo sina neno. Ila mvua sasa! Lami ikilowa inakuwa kioo, mwanga unagonga unateleza zake, mstari hamna. Nilimwambia mdogo wangu anifuate nyuma aangalie, akanijibu kaka mi naona rifleta tu. Rifleta iliyokuja na baiskeli.

Haijafika hata mwezi, kale kampira ka kufungia kwenye bomba la siti kakakatika pale Nane Nane kwenye mashimo. Nikairudisha dukani kistaarabu kabisa, na salamu nimetoa. Yule kijana akaishika kwa vidole viwili, akachungulia nje akaiona Phoenix yangu na gunia kwenye keria, akasema, "Mzee, hizi ni za baiskeli za michezo, siyo za kubebea mkaa." Mzee! Nina miaka 38. Kuna binti alikuwa anajaribisha helmeti akageukia ukutani asicheke mbele yangu. Na kwanza yale yalikuwa viazi. Hiyo Phoenix ni ya marehemu baba, ilikuwa na dainamo inasugua tairi, unakanyaga inawaka, unasimama inazima, haijui chaji wala haijawahi kumuita mtu mzee. Af duka lenyewe sasa, wana kioo cha kuvaa mkononi kama saa, wana kishikio cha kikombe cha kahawa cha kufunga kwenye usukani, nionyesheni mtu anapandisha Kawetere huku anakunywa kahawa nimpe hii taa bure.

Basi nikaifunga kwa mpira wa tyubu, hasira tu, sikutaka elfu 75 ilale kabatini.

Sasa hapa ndo nashindwa kuisema vibaya nikamaliza. Juzi kati ukungu ulishuka, ule wa Uyole wa kutoona hata usukani wako, na leza kwenye ukungu haingoji kufika chini, inaonekana hewani yenyewe, nikawa na mbawa mbili nyekundu huku na huku kama ndege. Nasikia Fuso nyuma linapunguza, linapunguza, likanifuata taratibu kama msiba, af likanipita mbali kabisa. Utingo akatoa kichwa, "Oya, umefunga nini hicho, tulijua trafiki!" Nilicheka mpaka nyumbani.

Kwa hiyo ni nzuri? Siku ya ukungu, ndio, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Siku zingine zote ni pambo, na baridi hii ya Juni chaji inaisha kabla sijafika. Kwa elfu 20 ningesema chukueni. Kwa 75 hapana, tena msinunue, au nunueni muende nayo Uyole tu. Mi naendelea nayo na mpira wangu wa tyubu. Pale dukani sirudi, labda siku nitakayopata gunia la mkaa kweli, nikapaki katikati ya mlango.