Kufuatilia sangara wa Ziwa Victoria: wavu wa kukokota au mwangwi?

Wavu wa kukokota, unaoburutwa sakafuni mwa ziwa, hukupa samaki mkononi: unampima urefu, unampasua tumbo uone alichokula na kama ana mayai. Ila hunasa kwenye mawe, na sangara walioinuka juu huukwepa. Ukibadilisha ukubwa wa matundu, takwimu mpya hazilinganishiki tena na za zamani.

Kipima mwangwi, chombo kinachotuma sauti majini na kupima mwangwi unaorudi kutoka kwa samaki, hukagua maji mengi zaidi kwa siku moja. Kabla ya safari lazima kisawazishwe kwa tufe dogo la metali ambalo nguvu ya mwangwi wake inajulikana, maana kosa la desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 3 tu hufanya wingi wa samaki ukadiriwe maradufu, au nusu! Tena hakioni samaki walioganda sakafuni, na huchanganya mukene (dagaa wa ziwa hili) na furu wadogo.

Kwa mwelekeo wa miaka mingi tungechagua mwangwi, wavu ukishushwa njia ileile kuthibitisha.