DSLR ya kwanza: Canon, Nikon au Pentax? Orodha yangu, na suala la ushabiki

Mtu akiniuliza anunue DSLR (kamera ya kubadilishwa lenzi, yenye kioo cha kuakisi ndani) gani ya kuanzia, kabla ya kumjibu nami humwuliza: rafiki yako anayepiga picha anatumia kamera gani? Wengi hushangaa, maana walitarajia nianze na megapikseli. Lakini bodi ya kamera utaibadilisha baada ya miaka michache. Lenzi utakazokusanya, fleshi, betri ya akiba, na yule mtu unayeweza kumpigia simu usiku wa kuamkia shughuli ukamwambia "niazime ile lenzi yako ndefu", hivyo ndivyo vinavyobaki. Na vyote vinafuata jina lililoandikwa mbele ya kamera. Ndiyo maana siwezi kuzipanga kamera hizi bila kwanza kuzungumzia ushabiki.

Ushabiki unatoka wapi

Kuna watu wa Canon na watu wa Nikon. Ukiwakalisha pamoja, mjadala utaanza na rangi ya ngozi, utapita kwenye chengachenga za picha za usiku, na kila mmoja ataondoka na imani aliyokuja nayo. Mimi nilikuwa mtu wa Nikon kwa miaka mingi, halafu kazi ikanilazimu kushika Canon kwa muda mrefu. Leo naamini ushabiki huu una sababu mbili za kweli na moja isiyo na msingi.

Sababu ya kwanza ya kweli ni mkono. Itazame kamera kwa mbele: lenzi ya Canon hufungwa kwa kuizungusha kufuata mwendo wa saa, ya Nikon kinyume chake. Ni jambo dogo mpaka siku likukute. Katika harusi moja mwenzangu alinikabidhi Canon yake nimshikie zamu. Bibi harusi akatokea mlangoni, nikataka kuvua lenzi fupi nivike ndefu. Nikabonyeza kitufe cha kuifungulia, na vidole vikaisukuma lenzi upande ule viliouzoea. Haikutoka. Nikasukuma tena, upande uleule. Nilipokumbuka kugeuza, bibi harusi alikuwa ameshanipita, nikaambulia picha ya shela kwa nyuma. Mtu aliyeshika kamera za aina moja kwa miaka kumi hatafuti vitufe, vidole vyake vinajua vilipo. Akikuambia hahami, usimwone mkaidi.

Sababu ya pili ni lenzi zenyewe, na hapa historia ina uzito. Nikon imeshikilia kifungio cha lenzi cha F tangu 1959. Canon, mwaka 1987, iliachana na kifungio chake cha FD ikaleta EF, na lenzi za FD zilizokuwa kwenye mikoba ya watu hazikuingia kwenye kamera mpya za EOS. Ukimsikia mzee wa Canon akilalamikia mwaka ule, ana haki yake. Lakini angalia kilichopatikana: kila lenzi ya EF yenye otofokasi ina mota yake ndani, kwa hiyo inajifokasi kwenye bodi yoyote ya EOS, ya bei ya chini kabisa au ya juu kabisa. Kwa Nikon, lenzi nyingi za zamani hutegemea mota iliyomo ndani ya bodi, na bodi ndogo, tangu D40 ya 2006, hazina mota hiyo. Lenzi inaingia, inafungika vizuri, inapiga picha, ila fokasi utaizungusha kwa mkono wako mwenyewe.

Sababu isiyo na msingi ni ile inayotajwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba picha za upande huu ni nzuri kuliko za upande ule. Kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) cha Canon katika daraja hili kina upana wa milimita 22.3, cha Nikon 23.5, na karibu zote zinatoa megapikseli 24. Mara kadhaa nimewatandazia wenzangu mezani picha zilizochapishwa bila kuwaambia zimepigwa na nini, na wote huishia kubahatisha. Hata umaarufu wa Nikon kule Marekani ulianzia kwenye lenzi, si kwenye bodi: mwaka 1950 mpigapicha David Douglas Duncan alipiga vita vya Korea kwa lenzi za Nikkor alizozifunga kwenye kamera za Leica.

Basi, orodha.

1. Canon EOS 250D

Ilitoka 2019, na Marekani huitwa Rebel SL3. Naiweka ya kwanza kwa sababu anayeanza leo ametoka kwenye simu. Amezoea kutazama skrini na kugusa pale anapotaka pawe wazi. Kamera hii inampokea hivyohivyo: skrini inafunguka pembeni na kugeuka, unagusa uso wa mtu, na fokasi inakwenda pale haraka na bila kusitasita. DSLR nyingi za bei hii, ukizitumia kwa skrini badala ya tundu la kutazamia, fokasi husogea mbele, ikarudi nyuma, ikatafuta, na mtoto uliyekuwa unampiga ameshakimbia.

Uzito ni gramu 449 pamoja na betri na kadi. Betri inakadiriwa kutoa picha 1070 ukitumia tundu la kutazamia, lakini ukishinda kwenye skrini hushuka hadi kama 320, kwa hiyo betri ya pili ni lazima. Ina tundu la maikrofoni, na kwa anayetaka video hilo ni kubwa. Usidanganywe tu na neno 4K kwenye boksi: ukiiwasha, picha inakatwa pembeni na ile fokasi nzuri niliyoisifu haifanyi kazi humo. Piga video kwa 1080 na utaridhika.

Kasoro inayoniudhi kweli iko juu ya kamera. Pale panapofungwa fleshi, Canon imeondoa ile pini ya katikati ambayo fleshi na triga (vifaa vya kuwashia fleshi kwa mbali) za kampuni nyingine zimeitegemea kwa miongo mingi. Fleshi yako ya zamani ya bei nafuu haitawaka. Kabla ya kununua triga au fleshi isiyo ya Canon, hakikisha imeandikwa waziwazi kwamba inafanya kazi na 250D.

Jambo la mwisho lililonifanya niipandishe juu ya Nikon ni kesho yake. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilianzisha kamera zisizo na kile kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), zenye vifungio vipya, Canon RF na Nikon Z, na nguvu zao sasa ziko huko. Lenzi zako za EF na EF-S (zile za bodi zenye kihisi kidogo kama hii) zitahamia kwenye RF kwa adapta na kuendelea kujifokasi zote. Adapta ya Nikon, FTZ, haina mota, hivyo zile lenzi za zamani zinabaki za kuzungusha kwa mkono hata huko mbele.

2. Nikon D3500

Kama hupigi video kabisa, isome hii kama namba moja. Ilitoka 2018, Nikon imeshaacha kuitengeneza, na kwa hiyo utaipata zaidi ikiwa imetumika. Ni nyepesi, ina mshiko wenye kina unaoshika vidole vyote, na betri yake inakadiriwa kufikisha picha 1550. Nimekwenda safari ya siku nne nayo na chaja ikarudi haijatoka kwenye mkoba.

Faili zake za RAW (picha ghafi, kabla kamera haijazichakata) zina uvumilivu mkubwa. Ukimpiga mtu aliyesimama kivulini na mbingu nyeupe nyuma yake, ukapiga kwa kuilinda mbingu, unaweza baadaye kuuinua uso ukatoka safi. Hapo inaipita 250D, na inaiacha mbali Canon 2000D iliyo namba tano hapa chini.

Kilichopunguzwa ni kingi pia. Skrini haigeuki wala haiguswi. Haina tundu la maikrofoni. Haina Wi-Fi, ina Bluetooth tu. Pointi za fokasi ni 11 na ni ile moja ya katikati ndiyo unayoweza kuiamini gizani. Na haina mota, kama nilivyoeleza: ukiona tangazo la lenzi ya Nikon iliyoandikwa AF tupu, kwa mfano AF 50mm f/1.8D, jua hiyo ni ya kuzungusha kwa mkono. Tafuta herufi AF-S au AF-P. Herufi hizo mbili zimewahi kuniokolea wanafunzi kadhaa pesa yao.

3. Nikon D5600

Hii ni D3500 iliyorudishiwa vilivyoondolewa: skrini ya kugusa inayogeuka, tundu la maikrofoni, Wi-Fi, na pointi 39 za fokasi. Ilitoka 2016. Betri inapungua hadi picha 970, na fokasi ya kwenye skrini bado ni ya kutafutatafuta. Ukiipata kwa tofauti ndogo ya bei juu ya D3500, ichukue. Tofauti ikiwa kubwa, ielekeze kwenye lenzi ya AF-S DX 35mm f/1.8G.

4. Pentax K-70 na KF

Nafasi ya nne ni kwa sababu ya upweke, si kwa sababu ya kamera. Kwa ujenzi, hakuna hata moja hapo juu inayoifikia. Imezibwa dhidi ya vumbi na mvua. Tundu lake la kutazamia lina prizimu ya kioo na linaonyesha asilimia 100 ya picha, wakati D3500 na 250D zinaonyesha 95 hivi. Ina magurudumu mawili ya kurekebisha, moja kwa kidole gumba na jingine kwa cha shahada. Kizuizi cha mtikisiko kimo ndani ya bodi, kwa hiyo hata lenzi ya kifungio cha K ya mwaka 1975 inatulizwa. KF ya 2022 ni K-70 ileile kwa sehemu kubwa.

Lakini rudi kwenye swali langu la mwanzo. Nani atakuazima lenzi ya Pentax? Kama yuko, na hupigi video, inunue kwa moyo mkunjufu. Ukinunua K-70 iliyotumika, iwashe ikiwa imelala muda mrefu na upige picha kumi mfululizo papo hapo. Zikitoka nyeusi au za giza kupita kiasi, sehemu inayoendesha tundu la lenzi (lile linalopitisha mwanga) inakwama. Ni ugonjwa unaojulikana kwenye kamera hizi.

5. Canon EOS 2000D

Ndiyo inayouzwa sana kwa sababu ya bei. Inapiga picha nzuri mchana. Picha tatu kwa sekunde, betri ya picha 500, skrini isiyogeuka, fokasi ya kwenye skrini ya polepole. Inunue ukiwa tayari umezungukwa na watu wa Canon, na kile ulichookoa ununulie EF 50mm f/1.8 STM. Bodi hii na lenzi hiyo zitampiga mtu picha ya uso nzuri kuliko kamera ghali yenye lenzi ya kawaida ya 18-55.

6. Canon EOS 4000D

Nawaomba msiinunue. Si kwa ajili ya megapikseli 18, maana upana wa picha unazidiwa kwa asilimia kama 16 tu. Kifungio chake cha lenzi ni cha plastiki, skrini ni ndogo na hafifu kiasi kwamba huwezi kujua kama jicho la mtu limetoka wazi, na haina kirekebishi cha tundu la kutazamia kwa anayevaa miwani. Bodi ya daraja la juu iliyotumika, kwa pesa hiyohiyo, itakufundisha mengi zaidi.

Ukienda kununua iliyotumika

Omba upige picha moja na uondoke na faili. Kwenye Nikon, idadi ya mibonyezo ya shata (pazia linalofunguka kila unapopiga) imeandikwa ndani ya faili lenyewe na programu nyingi huisoma. Canon huificha, utahitaji kuiunganisha kamera na kompyuta. Shata za daraja hili hutegemewa kufika kama 100,000. Funga tundu la lenzi hadi f/22, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha: vidoa vyeusi ni vumbi kwenye kihisi, na vumbi husafishika. Ndani ya lenzi mulika tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, irudishe mezani.

Na yule rafiki yako niliyekuuliza habari zake mwanzoni, nenda naye, aje na lenzi yake. Aifunge kwenye bodi unayotaka kununua mpaka ilie "tik", abonyeze nusu kitufe cha kupigia picha, na musikilize pamoja kama mota inazunguka.