Uzamili wa Afya ya Jamii au Uzamili wa Ukuzaji wa Afya?

Shahada ya uzamili ya afya ya jamii humpitisha mwanafunzi katika epidemiolojia (elimu ya namna magonjwa yanavyoenea katika jamii), takwimu za afya, afya ya mazingira, sera na usimamizi, kisha ndipo humwachia nafasi ya kuchagua eneo la kubobea. Ile ya ukuzaji wa afya huanzia penye swali la kwa nini watu huishi wanavyoishi, na kwa sehemu kubwa hufuata dira ya Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, tamko la kimataifa kuhusu ukuzaji wa afya, uliotaja maeneo matano ya utekelezaji: sera za umma zinazojali afya, mazingira wezeshi, nguvu ya jamii, stadi za mtu binafsi na mwelekeo mpya wa huduma za afya. Anayedhani kwamba fani hii ni kubandika mabango tu hajausoma mkataba huo.

Kwa upande wa ajira, uzamili wa afya ya jamii hufungua milango mingi zaidi, kuanzia ufuatiliaji wa magonjwa hadi uchambuzi wa takwimu wizarani. Ule wa ukuzaji wa afya huandaa wabunifu na wasimamizi wa programu za shuleni, kazini na vijijini, ambao hawana budi kujua pia kutathmini matokeo, maana wafadhili huuliza kilichobadilika, si idadi ya semina zilizofanyika. Kwa maoni yangu, asiye na uzoefu wa kazi aanze na ule mpana wa afya ya jamii, ilhali muuguzi, mwalimu au ofisa ustawi wa jamii aliyekwisha kufanya kazi na watu atanufaika zaidi na ule wa ukuzaji wa afya, mradi mtaala wake una mafunzo ya kutosha ya utafiti.