Udongo wa Vyungu na Jasi ya Mafundi Dari: Tathmini kwa Anayeanza Kufinyanga Sanamu

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikifinyanga sanamu za vichwa katika kibaraza cha nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Dar es Salaam, na katika muda huo nimenunua karibu kila kitu ambacho anayeanza huambiwa anunue. Tathmini hii inahusu vitu vitatu nilivyovitumia mwenyewe: udongo wa paketi unaokauka wenyewe, udongo wa mfinyanzi nilioununua kwa akina mama wanaofinyanga vyungu, na unga wa jasi ambao mafundi dari hutumia kumimina urembo wa kona za dari. Hukumu yangu naitanguliza: ningeanza moja kwa moja na hivyo viwili vya mwisho, na kile cha kwanza ningewaachia watoto.

Udongo wa paketi huuzwa katika maduka ya vifaa vya shule, kwa kawaida katika vifungu vya gramu 500 au kilo moja, na sifa yake kubwa ni kwamba hauhitaji tanuri: ukiachwa wazi siku moja au mbili unakuwa mgumu. Kwa kitu kinachotosha kiganjani ni bidhaa nzuri. Lakini kichwa changu cha kwanza, chenye ukubwa wa nusu ya kichwa cha mtu, kilipasuka siku ya tatu kuanzia shingoni hadi sikioni, kwa sababu udongo husinyaa unapokauka na waya ulio ndani yake hausinyai. Tena ukishakauka hauyeyuki ukarudi ulivyokuwa, hivyo kila kosa la mwanafunzi linagharimu paketi nyingine.

Udongo wa mfinyanzi nilinunua ndoo mbili za lita 20, kwa bei iliyokuwa chini ya ile ya paketi zangu nne. Ulikuja na mawe madogo, mizizi na vipande vya mkaa, kwa hiyo nililazimika kuuloweka hadi ukawa kama uji mzito, kuuchuja kwa chekeche, kisha kuumwaga juu ya gunia hadi ukaze. Mama aliyeniuzia aliniasa, "Mwanangu, usiukande leo, ulaze kwanza," nami nikaulaza wiki tatu ndani ya ndoo yenye kifuniko. Tofauti niliiona kwa vidole: ule niliojaribu siku ya kwanza ulikatika nilipoukunja, ilhali ule uliolala ulikunjika bila ufa. Methali inataka udongo upatilizwe ungali maji, na kwa chungu ni sawa kabisa. Kwa kichwa kinachosimama juu ya kiunzi cha mbao na waya wa kufungia nondo, udongo ulio majimaji hushuka usiku, na asubuhi unakuta kidevu kimegusa kifua. Usubiri hadi ukibonyezwa ubaki na alama ya kidole bila kunata.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kuulinda unyevu. Mimi hufunika sanamu kwa kipande cha kanga kilicholoweshwa, na juu yake nailoni ya ujenzi inayouzwa kwa mita. Wakati wa masika inaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa, lakini kaskazi inapovuma pua na masikio hukauka kwanza na kuanza kuachia, na hapo ni lazima kunyunyiza maji kila jioni.

Shida ya udongo huu ni moto. Kichwa kilichojaa udongo ndani hakichomeki. Mvuke ukikosa njia hukipasua, kwa hiyo ni lazima kukatwa, kukombwa hadi ubaki unene wa sentimita mbili hivi, kuunganishwa tena na kukaushwa polepole kabla ya kuingia kwenye kuni. Anayeishi katika nyumba za kupanga hana mahali pa moto wa aina hiyo. Ndiyo maana naisifu jasi kuliko kifaa kingine chochote nilichonunua: huihifadhi kazi ya udongo bila tanuri. Hata Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya jiji letu tangu 1927, ni ya shaba, na kazi za shaba za namna hiyo kwa desturi huanzia kwenye udongo, zikapitia plasta, yaani jasi hiyo hiyo, ndipo zikafika kwenye shaba iliyoyeyushwa.

Jasi ni jiwe linalochimbwa hata hapa nchini, Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida. Likipashwa moto wa nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyomo ndani yake na kusagika kuwa unga. Unga huo ukirudishiwa maji hugeuka jiwe upya, na hutoa joto unapogeuka. Dukani, sema wazi kwamba unataka ile ya kumimina, kwa kuwa ile ya kuzibia maungio ya mbao za dari imetiwa dawa ya kuchelewesha na haiwi ngumu inavyotakiwa. Epuka pia mfuko uliokwisha kufunguliwa. Katika duka moja la vifaa vya ujenzi nilipimiwa kilo tano kutoka kwenye mfuko uliokuwa wazi, na kwa kuwa unga huu hunyonya unyevu wa hewa, sanamu niliyoimimina ilibaki kama chaki na kumomonyoka mkononi. Siku hizi hujaribu kikombe kimoja kwanza: kikipata joto na kukaza ndani ya nusu saa, unga ni mzima.

Kwa kuchanganya, kilo moja ya jasi kwa mililita 700 za maji imenitosha mara zote. Unga ndio unaonyunyizwa kwenye maji, wala si maji kumwagwa kwenye unga. Uache unywe kwa dakika moja au mbili, kisha koroga kutoka chini bila kuingiza mapovu. Beseni la plastiki ni bora kwa sababu mabaki yaliyoganda hubanduka ukilikunja, na mabaki hayo yasimwagwe kamwe kwenye sinki. Vaa barakoa dhidi ya vumbi. Na usitumbukize kiungo chochote cha mwili katika jasi nyingi inayoganda: mwaka 2007 mwanafunzi mmoja wa shule nchini Uingereza alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya plasta ili kupata umbo la mikono hiyo, na kwa kuungua huko akapoteza karibu vidole vyote. Mifuko mingi niliyoiona haina onyo hilo, na hili ni kosa kubwa.

Kalibu yangu, yaani ganda la jasi linalochukua umbo la kichwa cha udongo ili sanamu imiminwe ndani yake, ni ya kuvunja. Nagawa kichwa cha udongo kwa vipande vya kopo la soda vilivyochomekwa mstari mmoja nyuma ya masikio, napaka tabaka la kwanza la jasi iliyotiwa nili ya kufulia, kisha tabaka nene jeupe lenye nyuzi za katani, mbinu niliyoiona kwa mafundi dari wenyewe. Baada ya kuondoa udongo na kupaka sabuni ndani mara tatu, namimina sanamu yenyewe. Siku ya kuvunja kalibu kwa patasi, rangi ya bluu inapotokea nyundo inapunguza nguvu, kwa maana sanamu iko karibu.

Seti ya zana kumi na moja niliyonunua haikustahili bei yake. Natumia kisu cha mwanzi, kijiko cha zamani na kitanzi cha waya nilichofunga kwenye mpini wa brashi. Udongo niliouondoa kwenye kalibu ya kichwa cha tatu umerudi ndooni, umechujwa vipande vya jasi, na unasubiri cha nne.