FTL au Star Traders: Frontiers?

Hapa Kirumba, Mwanza, ambako umeme ukikatika tunategemea chaji ya kompyuta pekee, michezo hii miwili ya kompyuta ya anga za juu inafaa kwa kuwa huchezwa bila intaneti. Katika FTL (Faster Than Light) ya Subset Games, iliyotoka mwaka 2012, chombo chako hukimbizwa na waasi: moto ukizuka chumba cha injini, unasimamisha mchezo, unawaondoa mabaharia, kisha unafungua milango ya nje ili hewa itoke na moto uzimike. Star Traders: Frontiers ya Trese Brothers, ya mwaka 2018, hupigana kwa zamu, na nahodha hulipa mishahara na kusafirisha bidhaa, kazi ambayo mchuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni angeielewa mara moja. Nauchagua huu wa pili, kwa sababu kila baharia ana ujuzi na tabia zake, na akifa pengo lake huonekana.