Uzoefu wangu wa gari la umeme Mombasa, na gereji iliyotaka kuniuzia betri nisiyoihitaji

Nimekuwa na gari la umeme hapa Mombasa kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, na kwa miezi mingi sikuwa na la kulalamikia ila mambo madogo madogo. Naandika leo kwa sababu ya yaliyonikuta katika gereji moja ya mjini inayojitangaza kuwa na mafundi mabingwa wa magari haya. Anayetaka kujua ukubwa wa betri au mwendo wa gari atayapata hayo kwa urahisi kwingineko. Mimi nataka kueleza mwenye gari la umeme anaachwa mikononi mwa nani siku gari linapogoma.

Ilikuwa siku chache baada ya Idi. Familia nzima tulikuwa tumekwenda Lamu, na gari lilibaki limeegeshwa uani bila kuguswa. Tuliporudi, nilibonyeza rimoti, milango isifunguke. Nikautoa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nikafungua kwa mkono, nikakaa, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Dashibodi yote ikajaa taa za onyo, za manjano na nyekundu, zikapepesa kidogo, kisha giza. Na gari hilo nililiacha limechajiwa hadi likajaa.

Lilipelekwa gereji likiwa juu ya lori kwa gharama yangu, kwa kuwa gari la namna hii halifai kuburutwa huku magurudumu yanayosukumwa na mota yakizunguka barabarani. Aliyetupokea alichomeka kompyuta yake chini ya usukani, akasubiri muda mfupi, akaichomoa. Boneti hakuifungua. Nasema tena, maana ndilo linaloniuma hadi sasa: boneti hakuifungua.

"Mama, kompyuta haisomi chochote. Betri kubwa imekufa."

Nikamuuliza betri iliyojaa, ambayo haikutumika, inakufaje yenyewe. Hakunijibu mimi. Alimgeukia mume wangu, ambaye alikuja kunisindikiza tu na gari hilo haliendeshi, akamwambia, "Mzee, mweleze mama kwamba magari haya si ya kwendea sokoni. Yanataka mtu anayeyaelewa." Gari nililinunua mimi, kwa mkopo wa Sacco ambao bado naulipa kila mwezi kutoka katika mshahara wangu wa ualimu. Mume wangu alimwambia hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza neno, na yule bwana akaendelea kumwelekea yeye.

Bei aliyoitaja ilikaribia ile niliyolinunulia gari kule yadi. Alitaka malipo ya awali ya nusu yake, na akatuonya kwamba gari likilala pale tutatozwa ada ya maegesho ya kila siku. Nilipoomba ripoti ya maandishi alisema, "Ripoti ya nini, mama, na gari liko hapa limekufa?" Nikalipa ada ya uchunguzi, uchunguzi ambao haukufanyika, nikaagiza lori jingine, gari likarudi nyumbani.

Jirani yetu ana tuktuk, na ndiye aliyemwita kijana mmoja wa Kisauni anayetengeneza taa na honi za matatu. Kijana huyo alifungua boneti kabla ya jambo lolote. Alitazama waya nene za rangi ya chungwa, akarudisha mkono nyuma, akasema, "Hizi mimi sizigusi, mama. Umeme wake unaua, na si kazi yangu." Halafu akaonyesha betri ndogo nyeusi, kama ya gari lolote la petroli, akaweka ncha mbili za mita yake juu yake. Ilisoma volti tisa na ushei. Betri ya namna hiyo ikiwa nzima na imejaa husoma zaidi ya kumi na mbili na nusu.

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, na ningependa kila anayefikiria kununua gari la umeme akielewe. Karibu magari yote ya umeme yana betri mbili. Ile kubwa iliyolala chini ya sakafu ndiyo inayosukuma gari, lakini kwa usalama hutengwa kabisa na mota wakati gari limezimwa. Swichi kubwa zinazoiunganisha, pamoja na milango, taa na kompyuta zote za gari, huamshwa na ile betri ndogo ya volti 12. Ndogo ikiisha chaji, kubwa inaweza kuwa imejaa tele na gari lisiwake. Kompyuta ya fundi nayo haitasoma kitu, kwa sababu hakuna kilicho macho cha kuijibu. Haya si maarifa ya siri. Ni mambo ya siku ya kwanza kwa yeyote anayeandika "magari ya umeme" kwenye bango lake.

Kijana aliazima betri ya tuktuk ya jirani, akaiunganisha kwa waya mbili. Nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe, na ile taa ya kijani ya kuonyesha kwamba gari liko tayari ikawaka. Aliniambia niliache limewashwa kwa muda, kwani gari likiwa katika hali hiyo betri kubwa huichaji ndogo. Kesho yake nilinunua betri mpya ya volti 12 katika duka la vipuri la kawaida, kwa bei ambayo mwalimu anaimudu bila kukopa.

Wiki ile kila aliyeniuliza nilimwambia asinunue gari la umeme kamwe. Nilimwambia hata dada yangu wa Kilifi, ambaye alikwisha kuchagua lake. Lakini hasira ikipungua naona kwamba nililisingizia gari. Gari halikunitendea ubaya. Kila ifikapo tarehe 14 ya mwezi wenzangu kazini hungojea EPRA, mamlaka ya nishati, itangaze bei mpya za mafuta, nami huendelea kusahihisha madaftari. Hakuna oili ya injini ya kubadilisha. Breki haziishi upesi, kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kuurudisha umeme kwenye betri. Katika foleni ya Mtwapa saa za jioni, kiyoyozi kinafanya kazi, gari limetulia kimya, na ninafika nyumbani bila kichwa kuuma. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa mno ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa kando ya Ziwa Turkana, na hilo kwangu ni jambo la kuonea fahari.

Hata hivyo siwezi kuficha upande wa pili. Joto la Mombasa si rafiki wa betri, hasa katika magari ambayo betri yake haipozwi kwa maji, na langu ni mojawapo. Vile vipimo vya afya ya betri kwenye dashibodi vimekwisha kupungua, na havirudi. Gari lililotumika Japani, kama langu, pia huja na tundu la kuchajia la mtindo wa CHAdeMO, ilhali vituo vingi vipya vinafungwa mtindo wa CCS2, ambao plagi yake haiingii humo, kwa hiyo safari ya Malindi na kurudi naipanga kwa makini, na ya Nairobi siifikirii. Ile bei maalumu ya umeme wa magari iliyoanza mwaka 2023, shilingi 16 kwa yuniti mchana na shilingi 8 usiku kabla ya kodi, ilikusudiwa mwenye mita iliyotengwa kwa kuchajia. Mimi nina ua wangu na naweza kuiomba. Anayepanga ghorofa ya nne, gari likiwa chini na mita ya tokeni ikiwa juu, atamwomba nani? Kwa mtu huyo ushauri wangu bado ni asinunue, na hapo sina shaka.

Kwa mwenye nyumba yake na safari za mjini, nilitaka kusema anunue tu. Kisha nakumbuka lile bango la gereji na nasita. Nikiwa ni mama mwenye mume kando na jirani mwenye tuktuk, niliponea chupuchupu. Mjane, au kijana aliyenunua gari lake la kwanza, angekopa mara ya pili, akatolewa betri nzima, akawekewa sijui ipi, na akashukuru. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya huduma za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazozihitaji ili anufaike nazo. Mimi sikupewa huduma wala habari, nilipewa bei.

Nimewaandikia barua kudai ada ya uchunguzi na gharama za malori yote mawili, nikaambatisha risiti zao, ya betri ndogo, na picha ya mita ikisoma zile volti tisa. Waliipokea na kuigonga muhuri, na tangu hapo hawajajibu. Wakiendelea kunyamaza nitaipeleka Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na nitakwenda huko nikiliendesha gari lenyewe. Dada yangu nimemwambia asubiri kwanza. Akikataa kusubiri, basi kabla ya kulipa chochote afungue boneti, aijue betri ndogo iko wapi, na aichukue namba ya yule kijana wa Kisauni.