Simu ya IP68 (daraja la kuhimili maji) au ya kawaida kwenye mfuko?

Masika yakishika, kutoka Shela hadi Lamu mjini kwa njia ya pwani unalowa juu na chini, hasa maji yakijaa bamvua. Simu ya IP67, daraja moja chini, huhimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. IP68 zaidi ya hapo. Lakini vipimo hivyo ni vya maji matamu. Wimbi likiirukia simu, isuuze kwa maji safi, na usichomeke chaja mpaka tundu likauke kabisa: chumvi hula chuma. Tena mpira wa kuzuia maji huchakaa, na bei ya simu hizo, mh!

Simu ya kawaida ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika haionji chumvi. Kioo kitasumbua kidogo kidole kikilowa, basi. Mimi nachukua mfuko.